Waliopita Mabogini Wasirudi: Majina Yao Yako Wapi?

Ukishuka kutoka mjini Moshi kuelekea kusini, ndugu msomaji, njia itakufikisha Mabogini. Kulia na kushoto waona majaruba ya mpunga na mifereji ya maji yatokayo chemchemi za Njoro na mto Rau. Mbele zaidi yapo mashamba ya miwa ya Arusha Chini, na upande wa mashariki ni Kahe, penye reli ya zamani iendayo Tanga. Nyuma yako Mlima Kilimanjaro umesimama kama mlinzi. Mtu asiyeambiwa hawezi kudhani ya kuwa tambarare hii ilipata kuwa njia ya vita, wala kwamba walipita hapa watu wengi wenye mizigo kichwani, ambao kwao hawakuonekana tena.

Alama yao iko wapi? Mjini Moshi imesimama sanamu ya askari katika mzunguko wa barabara. Yapo pia makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Mambo hayo ni mema, na yafaa wazazi wawaonyeshe watoto wao. Lakini ukiisha kuyatazama, jiulize swali moja dogo: Je, jina la babu yangu limeandikwa wapi?

Swali hilo ndilo makala yetu ya leo. Tafadhali uisome pamoja na watu wa nyumbani mwako, maana kazi iliyo mwisho wake hawezi kuifanya mtu mmoja peke yake.

VITA ILIVYOSHUKA TAMBARARE

Vita Kuu ya Kwanza ilianza Ulaya mwaka 1914. Wakati ule nchi yetu ilikuwa chini ya Wadachi, na ng'ambo ya mpaka, upande wa Taveta, walitawala Waingereza. Wafalme wa Ulaya waligombana kwao, na ugomvi wao ukaja mpaka milangoni petu. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911, kwa hiyo Moshi ukawa mji wa maana kwa jeshi la Wadachi. Jemadari wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweka makao yake huko.

Mwezi wa Machi 1916 Waingereza walikuja kwa nguvu kutoka Taveta. Mkuu wao alikuwa Jenerali Jan Smuts wa Afrika ya Kusini. Tarehe 11 na 12 Machi walipigana katika vilima vya Latema na Reata, na tarehe 13 Machi majeshi yao yakaingia Moshi. Wadachi hawakukimbia mbali. Walirudi nyuma hata Kahe kusudi wailinde reli.

Tarehe 20 Machi kikosi cha wapanda farasi wa Afrika ya Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, kiliondoka Moshi kikashuka tambarare. Kilikwenda usiku kucha, kikishika upande wa magharibi wa mto Pangani, ili kiwatokee Wadachi kwa nyuma. Kesho yake, tarehe 21 Machi, palikuwa na mapigano makali Kahe na kando ya mto Soko Nassai. Upande wa Waingereza walikuwapo askari wa Afrika ya Kusini na askari wa Bara Hindi. Upande wa Wadachi walikuwapo askari weusi wa nchi hii, pamoja na mzinga mkubwa uliotolewa katika manowari Königsberg, ile iliyoangamizwa mtoni Rufiji mwaka 1915. Siku hiyo moja Waingereza walipoteza karibu watu 300, waliokufa na waliojeruhiwa. Usiku Wadachi wakaondoka kimya kimya wakaelekea Lembeni, Upare. Mzinga wakauacha, umekwisha haribiwa.

Kisha masika yakaanza. Wewe ukaaye Mabogini wajua tambarare hii ilivyo wakati wa masika: udongo wageuka kuwa matope na mbu wazaana. Magari yalikwama, wanyama wakafa, na askari wakashikwa na homa. Wakubwa wakaangalia huku na huku, wakaona kwamba kitu kimoja tu kilikuwa hakikukwama. Nacho ni mgongo wa mtu mweusi.

MIGUU NA MIKONO YA JESHI

Katika nchi isiyo na barabara, na yenye mbung'o wauao farasi na ng'ombe, jeshi haliwezi kwenda bila wapagazi. Hao walichukua unga, risasi, mahema, dawa, hata mizinga iliyofunguliwa vipandevipande. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita ile ya Afrika ya Mashariki. Wadachi nao walikuwa na wa kwao, nao walichukua watu vijijini popote walipopita.

Tufanye hesabu kidogo, na watoto wa shule watusaidie. Mpagazi achukua mzigo wa kilo 25. Kila siku yampasa ale kilo moja ya unga, la sivyo ataanguka njiani. Jeshi liko mbali mwendo wa siku kumi. Kwenda siku kumi amekula kilo kumi, na kurudi siku kumi atakula kilo kumi nyingine. Basi katika kilo 25 alizochukua, amelifikishia jeshi kilo tano tu. Na askari mmoja mbele huko anazimaliza kilo hizo tano kwa siku tano! Ndiyo sababu kila jeshi liliposonga mbele, wapagazi waliongezwa. Na walipoongezwa, chakula kikapungua.

Sasa tazama ni watu gani waliokuwa wakichukuliwa. Mtu wa milimani alizoea baridi, ndizi na maziwa, akashushwa katika nchi ya joto na malaria. Alipewa unga asiouzoea, mara nyingi haukuiva vizuri kwa kukosa kuni na muda. Tumbo likaharibika, akaanza kuhara damu. Alilala chini bila blanketi ya kutosha, mvua ikamnyeshea, kifua kikamshika. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa kuhara, homa na kichomi. Hata vita ilipokwisha bado walikufa, maana mwaka 1918 uliingia ugonjwa wa mafua makali. Hesabu ya serikali ya Waingereza yenyewe ilitaja wafu wapatao 95,000 miongoni mwa wapagazi wao, na wachunguzi wengi huona kwamba walizidi 100,000.

Von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Wakubwa wa pande zote mbili walirudi kwao, na historia zao zikaandikwa katika vitabu vinene. Mpagazi aliyekuwa hai alirudi kwa miguu. Aliyekufa alibaki kando ya njia, mahali ambapo mkewe hakupajua.

JIWE LISILO NA JINA

Mwaka 1917, vita ikingali inaendelea, Waingereza waliunda Tume ya kutunza makaburi ya askari wao. Sheria yake ilikuwa nzuri sana: kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake juu ya jiwe, mkubwa na mdogo sawasawa, bila kutazama cheo wala dini. Nenda kwenye makaburi ya Taveta, ng'ambo ya mpaka, utaona mawe yamepangwa kwa mstari, kila jiwe na jina.

Lakini kwa Mwafrika sheria ile haikufuatwa. Iliamuliwa kwamba askari weusi na wapagazi wakumbukwe kwa sanamu ya jumla, isiyo na majina. Horace Byatt, Gavana wa kwanza wa Tanganyika chini ya Waingereza, aliona kwamba makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe tu, yarudi kuwa pori. Basi yakaachwa. Majani yakaota, miti ikaota, na watu wakalima juu yake bila kujua.

Zikasimamishwa sanamu katika miji mikubwa mitatu: Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam, tuiitayo Sanamu ya Askari, ilizinduliwa mwaka 1927. Wasafiri wetu wengi wameiona: askari wa shaba, bunduki mkononi, ameelekeza singe upande wa bandari. Ilichongwa na James Alexander Stevenson, mtu wa Uingereza, nayo iliwekwa mahali palipokuwa na sanamu ya Mdachi Hermann von Wissmann, iliyoangushwa mwaka 1916. Maandishi yake ni kwa Kiingereza na Kiswahili. Yanawasifu askari na wapagazi, na kuahidi kwamba wana wa waliokufa watayakumbuka majina ya baba zao.

Angalia vizuri, msomaji. Jiwe lasema kwamba wana watayakumbuka majina, na jiwe lenyewe halina hata jina moja la mpagazi! Wenye jiwe walitutwika sisi mzigo wa kukumbuka, nao wakaenda zao.

Jina moja lilibaki mdomoni mwa watu, nalo ni Kariakoo. Soko kubwa la Dar es Salaam, ambako mahindi na vitunguu vyetu hufika, limepata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi, waliokuwa wakiitwa kwa Kiingereza *Carrier Corps*. Watu hutaja Kariakoo kila siku bila kujua kwamba wanataja wafu.

Hasara ya kukosa jina haikuwa ya heshima peke yake, bali ya fedha pia. Wapagazi wengi walikufa kabla ya kulipwa mishahara yao. Mjane au mtoto alipaswa kulipwa, lakini daftari zilikuwa mbovu: jina limeandikwa vibaya, kijiji hakikutajwa, baba hajulikani. Warithi hawakupatikana, na fedha nyingi hazikutoka mikononi mwa serikali. Wazee wetu husema, *Mali bila daftari hupotea bila habari.* Ikiwa mali yapotea hivyo, je, mtu?

Mwaka 2021 Tume ile ilitoa ripoti juu ya jambo hili, ikaungama kosa na kuomba radhi. Ripoti ilisema kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wa Afrika na Asia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Tena watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Toka hapo Tume imekuwa ikitafuta majina. Mwezi wa Januari 2025 ilifunguliwa kumbukumbu mpya mjini Cape Town, Afrika ya Kusini, yenye majina zaidi ya 1,700 ya watu weusi waliofanya kazi za jeshi katika vita ile wasipate kaburi linalojulikana. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado majina yalipatikana. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba tumechelewa mno.

WAJUKUU WALIKWENDA MBALI ZAIDI

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Tanganyika ilitoa tena watu, maelfu kwa maelfu. Safari hii wengi walikuwa askari wa Keya. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941 na Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakapelekwa Burma, mbali sana upande wa mashariki, kupigana na Wajapani katika misitu na mvua. Nyumba nyingi zilikuwa na mzee aliyewaita watoto kwa maneno ya Kiburma, au aliyefoka usingizini.

Wengine hawakufika. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, imejaa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, mabaharia na wauguzi. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa dakika chache tu. Watu zaidi ya 1,200 walikufa. Kaburi lao ni bahari, lakini safari hii majina yaliandikwa. Askari wa Afrika ya Mashariki waliopotea katika meli ile wanakumbukwa katika mnara wa Nairobi, na wenzao waliofia Burma bila kaburi wameandikwa katika mnara wa Rangoon. Kijana wako mwenye simu aweza kutafuta jina la babu yake katika orodha ya Tume, na akilipata ataonyeshwa limeandikwa wapi.

Hapa yafaa tutue kidogo. Wajapani walioizamisha meli ile walikuwa adui wa askari wetu. Na wewe mkulima wa Mabogini, wajua vizuri ni nani waliosaidia kujenga mifereji na majaruba ya mpunga katika miaka ya 1980. Ni Wajapani! Wana wa adui walikuja wakapima mashamba yetu, na mchele wa mifereji ile tunaula. Basi kukumbuka wafu si kuweka kisasi. Twaweza kukumbuka barabara na kusamehe barabara.

WALIO HAI BADO WAPO

Ipo vita ya tatu, na hiyo ilikuwa ya kwetu wenyewe. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua watu na kuteketeza mali. Jeshi la wananchi, pamoja na mgambo na vijana wa JKT, walikwenda kumwondoa, na mwezi wa Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mkoa wa Kilimanjaro, kama mikoa mingine, ulitoa vijana wake. Wengi wa waliokufa wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, na taifa huwakumbuka mashujaa wake wote kila tarehe 25 Julai. Katika sherehe za siku hiyo huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka na mashada ya maua. Viongozi wa dini zote huwaombea.

Waliopigana Kagera na kurudi leo ni wazee. Kila mwaka wanapungua. Yupo labda mmoja jirani yako, yule anayekaa kimya barazani, ambaye watoto humwona kuwa mkali. Yeye ndiye ajuaye mwenzake alikufa wapi, na alisema nini mwisho. Mwaka huu waweza kumwuliza. Je, mwaka ujao?

"LAKINI VITA ILE HAIKUWA YETU"

Najua yupo msomaji atakayesema: "Wapagazi wa 1916 hawakujitolea. Walikamatwa. Wengine waliwatumikia Wadachi, wengine Waingereza. Kwa nini tuwaite mashujaa katika ugomvi wa wageni?"

Neno hilo ni la haki, nalo lastahili jibu la haki. Hatuwakumbuki kwa sababu ya Kaisari wa Ujerumani wala Mfalme wa Uingereza. Twawakumbuka kwa sababu walikuwa watu, wana wa mama zao, na kwa sababu wengi wao walikufa wakimchukulia mtu mwingine chakula. Hatusifu vita, twakataa tu kwamba mtu apotee kama mnyama wa porini. Katika ukoo mmoja huenda mtu na nduguye walikuwa pande mbili. Andika wote wawili, ukurasa mmoja, wala usiwatenge tena.

Katika mila ya Wachaga marehemu huzikwa kihambani, katikati ya migomba, na sale hupandwa kuonyesha kwamba hapa alala mwenye nyumba. Mtoto hukua akijua: huyu ni babu, yule ni bibi. Lakini aliyefia safarini hana sale lake, wala hakuna anayesimama juu yake kumtaja. Kwetu sisi Wakristo nako, mwezi wa Novemba ni mwezi wa marehemu, na watu hupeleka majina ya wafu wao ili waombewe katika Misa. Jina lisilojulikana halipelekwi. Hakika Mungu amjua kila mtu hata asipotajwa. Lakini sisi tulioachiwa ukoo, tutasema nini tukiulizwa ndugu yetu yuko wapi?

KAZI YA DAFTARI

Basi tufanye nini? Wengi wakisikia neno kumbukumbu hufikiri habari ya saruji, mchango, kamati na mgeni rasmi. Hayo yaweza kuja baadaye. Jiwe lisilo na majina tunalo tayari; twalijua upungufu wake. Kwanza majina.

Nunua daftari moja la shule, lile la bei ndogo. Juu yake andika jina la ukoo. Kisha mwezi wa Desemba, wakati watoto wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wanapokuja nyumbani kula Krismasi, waketishe wazee, na kijana mwenye mwandiko mzuri aandike. Maswali ni haya:

Jina lake nani, na baba yake nani? Andika jina la kwao na la ubatizo kama lipo, maana huenda jeshini alitumia moja tu.

Alitoka kijiji gani, na nani aliyemchukua au aliyeondoka naye?

Aliondoka lini? Kama mwaka haujulikani, andika alama: kabla ya njaa fulani, wakati mtoto fulani alipozaliwa, mwaka ule wa masika makubwa.

Alikuwa askari au mpagazi, na wa upande gani?

Habari yake ya mwisho ilitoka wapi, na nani aliyeileta?

Zaidi ya wazee, tazameni katika masanduku. Huenda mna medali, cheti cha kuachiwa jeshini, picha, au barua iliyoliwa na mende pembeni. Msivitupe wala msiviuze kwa wapita njia. Katika misheni za zamani kama Kilema na Kibosho ubatizo uliandikwa tangu miaka ya 1890. Ukimwomba paroko kwa adabu, na ukiwa na jina na mwaka wa kukisia, huenda akakuonyesha mstari mmoja ulioandikwa kwa wino uliofifia. Mstari huo utathibitisha kwamba mtu huyo aliishi kweli.

Jihadharini na mambo mawili. La kwanza, msiongeze chumvi. Kama alikuwa mpagazi, andikeni mpagazi, wala msimfanye sajini. Kazi yake haina aibu. Na jambo msilolijua liachieni nafasi wazi, huenda ukoo mwingine wanalijua. La pili, msiwasahau wanawake. Wapo waliofuata waume zao na jeshi wakipika na kubeba, wakafa nao. Na wapo waliobaki nyumbani na watoto wadogo, wakalima kihamba peke yao na kumngoja mtu ambaye hakuja. Nao pia waliuchukua mzigo wa vita ile, ingawa hakuna sanamu yao katika mji wowote.

Kila ukoo ukiisha kuandika, watu wa kijiji wakutane walete madaftari yao pamoja. Labda yatapatikana majina matano, labda hamsini. Hapo ndipo mtakapoona kama yafaa kuandika ubao na kuutundika shuleni au kanisani, au kusimamisha jiwe la mtoni na kupanda masale kandokando. Jiwe la namna hiyo halitahitaji fundi wa Uingereza. Na mtoto atakayelisoma atakuta juu yake jina la mtu wa nyumbani mwao.

Mabogini ya leo ni mchanganyiko wa watu: Wachaga walioshuka kutoka mlimani, Wakahe, Wapare, na wengi wengine waliofuata maji na miwa. Ndivyo lilivyokuwa na jeshi la wapagazi, watu wa makabila mengi chini ya mzigo mmoja. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema, "Mimi si mwenyeji hapa, hainihusu." Babu yako huenda alitoka Ugogo au Unyamwezi, akapita katika tambarare hii hii unayoilima leo. Leta jina lake nalo.

Wazee waliotuachia habari hizi hawakujua kuandika, lakini walizitunza vichwani kwa miaka 100 na zaidi. Sisi tunajua kuandika. Itakuwa aibu kubwa ikiwa habari zitapotea mikononi mwetu. Jioni ya leo, ukiisha kulifunga gazeti hili, mwite mzee wa nyumba na umwulize swali la kwanza: "Babu, katika ukoo wetu, ni nani aliyekwenda vitani asirudi?" Kisha nyamaza, usikilize, na uandike.